Sura ya Tisa: Mto Uliopumzika Jumapili

"Maji hayaruki," alisema Mama Mita. "Maji yanapanda. Lakini siku ile yaliruka."

Mpelelezi aliyekaa mbele yake hakuandika kitu, maana maneno hayo alikwisha kuyaandika jana na juzi. Kazini walimwita Msumeno, kwa ule msemo wa sheria inayokata mbele na nyuma. Jina hilo hakulipenda wala hakulikataa. Chumba cha mahojiano kilikuwa na meza ya chuma, viti viwili na dirisha la nondo lililokataa kufunguka tangu lipakwe rangi.

"Rudia polepole. Ulikuwa wapi?"

"Kwenye kiti changu, macho kwenye ramani. Nukta ya Darajani ilikuwa kijani, kina mita moja na kidogo. Nikainua kikombe cha chai. Nilipokishusha, nukta nyekundu. Nikaruka nikabonyeza king'ora. Njano sikuiona kabisa."

"Kumbukumbu za mtambo zinasema njano ilikaa karibu nusu saa."

"Zinasema. Mimi nakwambia nilichokiona."

Mama Mita alikuwa mwangalizi wa zamu katika kituo cha tahadhari ya maafa. Kando ya mto, kuanzia milimani hadi mjini, vilitundikwa vihisi, visanduku vinavyopima kina cha maji na kukituma kituoni kwa mtandao wa simu. Kila kihisi kilikuwa na nukta yake kwenye ramani kubwa ya ukutani. Kijani ni salama, njano ni jihadhari, nyekundu ni kupiga king'ora. Mvua ilinyesha milimani huku mjini jua linawaka, kwa hiyo watu wa mtaa wa chini hawakuwa na kingine cha kuwaonya ila king'ora hicho. Kililia maji yakiwa yameshaingia milangoni.

Wakubwa walikwisha kuamua kwamba mwangalizi alilala. Kesho asubuhi jalada lingekwenda kwa mwendesha mashtaka, na shtaka lilikuwa uzembe uliosababisha vifo.

"Dada," alisema Mama Mita, "shangazi yangu alikaa nyumba ya tatu kutoka mtoni. Ndiye aliyenilea, ndiye aliyenipeleka shule. Niyaone maji yakimfuata, halafu ninyamaze ninywe chai?"

Hakulia. Machozi yalimwishia siku ya mazishi, ambayo alihudhuria akiwa kati ya askari wawili.

Msumeno alisimama. Alikuwa amesikia watu wengi wakidanganya, na mwongo kwa kawaida huisogeza hadithi yake kidogo kidogo ielekee upande wa ushahidi. Mama Mita alikuwa amesimama palepale siku zote, hata pale ambapo kusogea kungemsaidia. Hilo lilimkera Msumeno, na lililomkera hakuliacha.

Kule nje simu yake ilikuwa inaita. Ni bosi wake.

"Jalada liko wapi?"

"Bado, bosi."

"Bado nini? Kompyuta haisemi uongo."

"Haisemi uongo. Inasema ilichoambiwa."

"Mwisho kesho asubuhi, Msumeno. Usinitafutie ubaya na watu."

Alianzia darajani, kwa sababu wezi wa betri walikuwa wamevua vihisi viwili mwaka uliopita. Kama mtu alikichezea kihisi, kingeweza kukatika na kurudi ghafla, na maji yangeonekana yanaruka. Alishuka kwa ngazi ya chuma hadi chini ya daraja huku matope yakimmeza viatu. Kihisi kilikuwa mahali pake. Kifuniko hakikuguswa, betri ilikuwepo, taa ndogo ilikuwa inapepesa. Kitu kimoja tu alikiona: bolti zilikuwa mpya, zinang'aa, wakati kila chuma kingine pale kililiwa na kutu.

Alimpigia fundi wa kituo, aliyehamishiwa mji mwingine wiki moja baada ya mafuriko.

"Kile cha zamani kilikufa," alisema fundi. "Nikafunga kipya, kabla ya mvua. Hakijawahi kukatika hata dakika moja. Hilo nakuapia."

"Kwa nini umehamishwa?"

"Mama, mimi nina watoto. Hayo mengine muulize Mkurugenzi wa kituo." Na simu ikakatika.

Basi kihisi kilikuwa kizima, na wizi wa betri ukafa pale pale chini ya daraja. Kwa mtazamo wa jalada, jambo hilo lilimwangamiza Mama Mita zaidi, kwa sababu kihisi kizima kilikuwa kimeyaona maji yakipanda. Msumeno alifuta viatu kwenye nyasi, akaelekea mtaa wa chini.

Msusi alikuwa ndani ya saluni yake, anasugua vitana ndani ya beseni. Alama ya matope ilipita ukutani usawa wa kioo, na viti viwili vilianikwa nje miguu juu. Yeye ndiye aliyesimamia kundi la simu la mtaa, ambamo Mama Mita alituma ujumbe wa sauti kila saa ya zamu yake kusoma kina cha mto. Ndiko jina lake lilikotoka.

"Jumbe zake bado unazo?" aliuliza Msumeno.

"Nilitaka kuzifuta. Mkono ukakataa." Msusi alifuta mikono kwenye kanga. "Yule mwanamke ametumaliza, dada. Jirani zangu wawili. Na shangazi yake mwenyewe, alikuwa mteja wangu, nywele nyeupe kama pamba."

"Nisikilizishe ya siku ile."

Sauti ilijaa saluni, changamfu, ya mtu anayeipenda kazi yake: "Wapendwa wa mtaa wa chini, Mama Mita hapa. Darajani mita moja na kidole. Mto umelala usingizi wa pono. Jua hilo, anikeni nguo."

"Nilianika," alisema Msusi.

Msumeno alitazama saa ya ujumbe. Kwa mujibu wa kumbukumbu za mtambo, wakati huo mto ulikuwa umepita mita mbili na nukta iko karibu kugeuka njano. Wakubwa walikwisha kulijibu hilo: mwanamke alikuwa anakariri, anatamka tarakimu za jana bila kuinua macho. Jibu lilikuwa jepesi, nalo liliwatosha.

"Nisikilizishe zote," alisema. "Kuanzia mwanzo wa mwezi uliopita."

"Zote? Utakunywa chai yangu yote."

"Nitanunua nyingine."

Zilikuwa nyingi. Msusi aliendelea kusugua vitana na Msumeno aliandika. Mwanzoni tarakimu zilipita bila maana. Kisha zikaanza kujipanga. Asubuhi mto ulikuwa juu, na kadiri siku ilivyosonga ukashuka, nusu kiganja, kiganja. Usiku haukushuka hata kidogo, asubuhi aliukuta palepale alipouacha jioni. Kisha siku moja moja ulipanda ghafla, karibu mita nzima, ukaanza tena kushuka taratibu. Mtu anayekariri hawezi kukariri hivyo. Mama Mita alikuwa anasoma kitu, na kitu hicho kilikuwa kinabadilika kila saa.

"Leo Jumapili," ilisema sauti ya simu, "Darajani mita moja na nusu, vilevile kama jana jioni. Pumzikeni."

"Hata Jumapili ya wiki iliyotangulia haukushuka," alisema Msusi. "Mto wenyewe una dini. Siku ya mapumziko haufanyi kazi."

Alisema kwa utani, lakini Msumeno aliweka kalamu chini.

"Rudisha hiyo. Na Jumapili ya kabla yake."

Jumapili zote, mto haukushuka. Mto gani duniani unaoshuka saa za kazi tu, unaolala usiku na kupumzika Jumapili? Msumeno alijiuliza hivyo kwa sauti, na Msusi akacheka kidogo, kicheko chake cha kwanza tangu mgeni aingie.

"Labda hao watumishi wa kituo wanaunywa," alisema.

"Maji ya bomba mjini hutoka lini?"

"Wakijisikia. Ila kabla ya mafuriko yalikatika wiki nzima, mji mzima. Tulichota mtoni, huo huo uliotumaliza."

Msumeno alipekua ukurasa wake. Katika wiki hiyo nzima, mto wa Mama Mita haukupanda hata mara moja. Ulishuka tu, siku hadi siku, na mtu yeyote angesema ni habari njema. Aliinuka, akalipa chai, akamwomba Msusi asifute kitu hata kimoja.

"Kwani amefanya nini zaidi?"

"Amesoma alichokiona," alisema Msumeno. "Nakwenda kuangalia alikuwa anaona nini."

Kituo cha tahadhari kilikuwa jengo la ghorofa mbili lenye minara ya mawasiliano juu yake. Mlangoni alimkuta mtunza jengo akipanga ndoo. Watumishi walimwita Mzee Koki, kwa kuwa hakuweza kupita koki inayodondosha bila kuikaza.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kama ni choo, chukua ndoo kabisa. Maji leo hayajafika juu."

"Nataka kuliona tangi."

Mzee Koki alimtazama kuona kama anataniwa, kisha akatangulia ngazi huku akiyalalamikia magoti yake. Tangi lilikuwa juu ya paa, la zege, refu kuliko mtu. Na kwenye mfuniko wake kilifungwa kisanduku sawa na kile ambacho Msumeno alikwisha kukiona asubuhi ile chini ya daraja.

"Hiki nacho ni kihisi?"

"Kama kile cha mtoni. Mkurugenzi alikileta ili maji yasimwagike. Tangi likijaa, kinanitumia meseji, nami nafunga koki. Magoti yangu yalimwombea dua." Alikuna shavu. "Ila kiliharibika. Tangu wale wageni waje kuangalia ramani, kikawa bubu. Tangi linafurika, simu yangu kimya. Nikamwambia Mkurugenzi, akasema atarekebisha. Nikarudi kupanda ngazi."

"Hakikutuma hata meseji moja tangu hapo?"

"Siku moja tu. Siku ile ya mafuriko."

Msumeno alijilazimisha kuuliza kwa sauti ileile.

"Ilikuwaje?"

"Meseji imeingia: tangi limejaa, funga koki. Nikafurahi, nikasema maji ya bomba yamerudi. Nikapanda, nikafunga. Nikashuka kufungulia bomba la jikoni, lile lisilopitia tangi, kavu. Mara meseji ya pili. Nikasema, hiki kifaa kina wazimu. Ya tatu ikanikuta kwenye ngazi, na Mkurugenzi anapanda. Nikamwambia, mzee, tangi linasema limejaa na mji mzima hauna maji. Unajua alifanyaje? Alisimama. Halafu akapanda ngazi mbili mbili, mtu wa umri ule. Nikadhani tumbo limemkamata."

"Halafu?"

"Halafu king'ora kikalia."

"Hizo meseji unazo?"

"Sijui kufuta, mwanangu." Akatoa simu yake, ndogo, iliyofungwa kwa raba. Zilikuwepo zote tatu, kila moja na saa yake. Ya kwanza iliingia muda mfupi baada ya Mama Mita kuwaambia watu waanike nguo.

"Mzee, simu hii nitaishika kama ushahidi. Na nakuomba ufike kituoni kwangu jioni, uandike maelezo."

"Habari za tangi?"

"Habari za tangi."

Ofisi ya Mkurugenzi ilikuwa mwisho wa korido ya juu. Ili mtu aifikie ilimbidi apite mlango wa chumba cha ramani, ulioachwa wazi daima. Kando ya mlango huo, ukutani, kilikuwepo kitufe chekundu cha king'ora ndani ya kisanduku cha kioo. Msumeno alisimama hapo kidogo kabla ya kuendelea.

Mkurugenzi alikuwa mtu nadhifu, mwenye adabu. Alimkaribisha kiti, akasikitika kwa ajili ya Mama Mita, akasema alikuwa mfanyakazi mzuri hadi siku ile.

"Kihisi kinajulikanaje kwenye ramani?" aliuliza Msumeno.

"Kwa jina. Kila kifaa hupewa jina la mahali, na ramani hulifuata jina, na meseji vilevile."

"Ukibadilisha jina leo, tarakimu za jana zinakwenda wapi?"

"Zinafuata jina jipya."

"Za nyuma zote?"

"Zote."

Msumeno aliweka simu ya Mzee Koki juu ya meza.

"Kihisi cha tangi kilianza kuitwa Darajani lini?"

"Sielewi swali."

"Unalielewa. Mto wa Mama Mita ulikuwa unashuka mnapovuta maji ya choo, na Jumapili ulipumzika. Kumbukumbu mlizonipa zinasema mto ulipanda taratibu, na ni kweli ulipanda. Ila siku ile skrini yake ilikuwa inamwonyesha tangi. Nimeshaagiza mtambo ufungiwe. Nao huandika nani amebadilisha jina na saa ngapi. Nataka nisikie kwako kwanza."

Mkurugenzi alivua miwani, akaifuta, akaifuta tena.

"Wageni walikuwa wanafika asubuhi," alisema. "Wafadhili. Kihisi cha daraja kimekufa, na pale katikati ya ramani kuna nukta ya kijivu. Ningewaambia nini? Nikakipa kihisi cha tangi jina la Darajani. Ni kwa siku ile moja tu. Ramani ikawa kijani yote."

"Na fundi alipofunga kipya?"

"Mtambo haukubali majina mawili yanayofanana. Lililobaki ni la Tangi. Nikamwambia atumie hilo, nitabadilisha mwenyewe."

"Ukasahau."

"Nikasahau." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Kazi ni nyingi hapa. Nilisahau, ni hilo tu."

"Sio hilo tu. Mzee Koki alipokuambia, ulielewa papo hapo."

"Ndiyo."

"Ukapanda mbio. Kitufe cha king'ora kiko wapi?"

Macho yake yalikwenda mlangoni yenyewe.

"Umekipita," alisema Msumeno. "Ukaja hapa, ukawasha kompyuta, ukaandika neno la siri, ukabadilisha majina. Mama Mita akaona nyekundu imezuka, akabonyeza. Ulichukua dakika ngapi?"

"Nilitaka ramani iseme kweli kwanza. Nisingeweza kupiga king'ora wakati ramani ni ya kijani, watu wangeuliza..."

"Wangeuliza, ndiyo. Wangekuwa juu ya kilima, wakavu, wanakuuliza." Msumeno alikuwa na hasira na hakujisumbua kuificha. "Halafu ukamwacha akamatwe. Ukamhamisha fundi. Ulikuja mazishini, nilikuona, ukampa pole."

Mkurugenzi aliinamisha kichwa. Msumeno alimsomea haki zake, akamwomba asimame na aache simu juu ya meza.

Jua lilikuwa linaelekea kuzama Msumeno alipofika mahabusu. Bosi wake alikwisha kupigiwa simu, akaguna, akauliza mara mbili kama ana uhakika, kisha akasema mwanamke aachiwe. Mama Mita alimsikiliza Msumeno akiwa ameketi pembeni mwa kitanda, mikono mapajani. Msumeno alimweleza yote kwa mpangilio, tangi, jina, wageni, kitufe. Alidhani atalia, au atamtukana Mkurugenzi. Alikuwa na haki ya vyote viwili.

"Kwa hiyo mto ulisema," alisema Mama Mita mwishowe.

"Ulisema mara tatu, na kwa wakati."

"Ulimwambia nani?"

Msumeno alikuwa amelitarajia swali hilo njia nzima. "Ulituma meseji kwenye simu ya Mzee Koki. Ukamwambia afunge maji."

Mama Mita aliziba mdomo kwa kiganja.

"Alifunga?"

"Alifunga."

"Anajua ilikuwa nini?"

"Bado. Yuko nje kwenye benchi, amekuja kuandika maelezo. Anadhani tunachunguza tangi."

"Msimwambie, dada. Nakuomba. Yule mzee hawezi kukiacha kitu kinadondosha, itamuua hiyo. Hakuwa na kosa lolote."

"Najua. Lakini ni shahidi wangu. Nisipomwambia mimi, atalisikia mahakamani kwa wakili, mbele za watu wa mtaa wa chini."

Mama Mita alikwenda kwenye beseni la kona, akanawa uso, akajifunga mtandio vizuri.

"Basi nitamwambia mimi."

"Si lazima."

"Nani mwingine? Shangazi ni wangu."

Msumeno alifungua mlango, akampisha. Mzee Koki alikuwa ameketi mwisho wa benchi, chupa ya chai imebanwa katikati ya magoti. Alipomwona Mama Mita anakuja bila askari, alisimama kwa haraka kuliko alivyoruhusiwa na miguu yake, na uso wote ukafunguka.

"Wamekuachia?"

"Wameniachia."

"Nilijua. Niliwaambia huyu halali kazini. Nimekuletea chai ile unayopenda, kunywa kabla haijapoa."

Mama Mita aliichukua ile chupa kwa mkono mmoja. Kwa mkono wa pili alimshika mzee kiganja, akamrudisha taratibu kwenye benchi, akaketi karibu naye hadi mabega yao yakagusana.

"Kaa kwanza, mjomba," alisema. "Nina jambo."